Shujaa Asiye na Mdomo

Jumanne, 11 Machi

Nimefika. Binti yangu amenileta mwenyewe, amenishika kiwiko njia nzima kama anayebeba trei ya mayai. Goti langu la kulia lilishonwa wiki tatu zilizopita, na daktari amesema nisikae peke yangu hadi mvua ziishe. Kwangu kuna ngazi, na ngazi zikilowa hazina adabu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; nimemwambia binti jembe langu lisizidi kumenya vitunguu.

Nyumba ina vyumba vitatu, na mbele, upande wa barabarani, kuna karakana ya mkwe wangu. Ni fundi wa kufuli. Chumba nilichopewa kinapakana na karakana, kwa hiyo tangu asubuhi nasikia tupa yake ikila chuma. Ni mtu mwenye haya. Amenisalimia akitazama viatu vyangu, mpaka na mimi nikavitazama nione vina nini.

Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa mahakama. Niliandika maneno ya watu wengine, yote, bila kuongeza wala kupunguza. Daftari hili nimenunua niandike yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemaliza kitabu nilichokuja nacho. Nimesoma karatasi ya dawa za goti, pande zote mbili. Nimesoma kalenda. Mchana nikamwambia binti, mumewe akisikia, kwamba kesho nitaanza kusoma pakiti za sabuni.

Jioni mkwe akapiga hodi, akasimama nje ya kizingiti na mfuko wa plastiki mkononi.

"Mama, samahani. Ninavyo hivi vitatu. Ila ni vya picha."

"Vya watoto?"

"Hapana, mama. Si vya watoto kabisa."

Akauweka mfuko kwenye kiti na kuondoka kama aliyeacha mzigo wa magendo. Ndani mna majuzuu matatu ya katuni, yamefungwa nailoni moja moja yasipate unyevu. Mtu mzima na akili zake, nikasema moyoni.

Jumamosi, 15 Machi

Kumbe katuni ina namna yake ya kusomwa. Nilisoma kwanza maneno yote ya ukurasa, kisha nikarudi kwenye picha. Mjukuu wangu, ana miaka kumi, alinicheka hadi akashika ubavu.

"Bibi, si gazeti hilo! Anzia kona hii, njoo hivi, halafu shuka. Kiputo chenye mkia ni maneno. Chenye mawingu ni mawazo. Chenye ncha ncha, mtu anapiga kelele."

Mama yake akamfukuza alipoona ukurasa uliofuata. Laiti angenifukuza na mimi.

Shujaa anaitwa Sikio. Zamani alikuwa msaidizi wa daktari katika mji usiotoka jua. Mlipuko ukamwachia uwezo wa kusikia mapigo ya moyo wa mtu aliye ng'ambo ya ukuta. Huvaa kofia ya chuma inayofunika uso mzima. Haina mdomo, ina matundu tu mahali pa masikio. Akimshuku mtu anasimama nyuma yake, kimya. Moyo ukiruka, basi, kesi imekwisha. Ukurasa wa arobaini na mbili anamkamata mlinzi wa ghala na kumvunja vidole, kimoja, kingine, kingine. Kila kidole kina kisanduku chake cha picha, na ndani ya kisanduku, kwa herufi nene nyeusi, imeandikwa sauti yenyewe.

Sikuwahi kuona sauti hiyo ikiandikwa. Miaka yote mimi niliandika "alipigwa", nikaweka nukta.

Nilifunga kitabu. Nikanywa maji. Nikakifungua tena.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua kutwa. Goti linauma kabla ya wingu kuonekana.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemaliza juzuu la kwanza, na leo nilikwenda karakanani kwa mara ya kwanza. Kutoka ukumbini unaingia kwa mlango mdogo wa mbao. Upande wa barabarani kuna mlango wa bati wa kukunja. Katikati pana meza ya kazi, na ukingoni mwake jiliwa, lile taya la chuma la kubania ufunguo usitikisike unapochongwa. Mkwe aliniletea kiti, akakifuta mara mbili.

"Umemwonaje, mama?"

Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama machoni. Nikamwambia kweli: kwamba nimeogopa, na kwamba mtu huyu hana mdomo, sasa anaulizaje maswali?

"Haulizi, mama. Anasikia."

"Moyo tu? Baba, mimi nimekaa hatua tatu kutoka kizimbani miaka thelathini na moja. Kila anayesimama pale moyo wake unadunda. Asiye na kosa ndiye hutetemeka zaidi, maana hajazoea."

Alichonga kidogo, akapuliza unga wa chuma. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Na wangapi walikuwa na kosa wakatoka wanacheka, mama?"

Nilimkumbuka mmoja. Alimwagia mkewe mafuta ya moto. Jalada likapotea, mimi mwenyewe nililitafuta siku nne katika kila kabati. Alipoachiwa, alipita mbele ya meza yangu akanipungia mkono.

Jumapili, 23 Machi

Juzuu la pili. Kuna hakimu anayeuza hukumu. Sikio anamning'iniza darajani kwa miguu, kichwa juu ya maji, na anamwacha hapo kurasa sita. Nilipofika ukurasa wa tatu nilisikia mtu chumbani akisema, "Safi!" Ilikuwa sauti yangu.

Nimekaa na jambo hilo kutwa. Nilikula kiapo cha kutumikia haki mahakamani kabla mkwe wangu hajaanza shule, na neno lililonitoka ni hilo.

Jumatano, 26 Machi

Nyumba tatu zimeibiwa mtaani ndani ya wiki moja. Hakuna mlango uliovunjwa. Kufuli zimekutwa zimefunguliwa vizuri na kuning'inizwa tena, kama mwenye nyumba alitoka kidogo.

Binti yangu ni muuguzi. Aliporudi kutoka zamu alisema hata wodini wanaulizana: nani anaweza kufungua kufuli bila kuivunja? Halafu wakamwona yeye, wakanyamaza.

Ijumaa, 28 Machi

Asubuhi mlango wa bati umekutwa umeandikwa kwa mkaa: MWENYE FUNGUO NDIYE MWIZI. Mkwe aliufuta kwa kitambaa na maji ya sabuni. Maandishi yalitoka, ila bati likabaki na wingu jeusi lililosomeka vilevile.

Hakuna mteja aliyekuja. Mchana nilipita kuomba uzi, nikamkuta ameweka mezani kufuli tatu za zile nyumba, wenyewe wamemletea azitazame. Alikuwa akijaribu ufunguo mmoja, akihama nao kufuli hadi kufuli. Aliponiona akazifunika kwa kitambaa.

"Umegundua kitu?"

"Bado, mama."

Alisema haraka mno.

Jumanne, 1 Aprili

Mkwe wangu ameingia kwenye ulinzi wa mtaa. Mkuu wao ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale kona, mtu mpana mwenye sauti ya kuita upande wa pili wa mto. Wote humwita Kamanda, ingawa hajawahi kuvaa sare hata ya skauti. Saa kumi alasiri walikaa karakanani: Kamanda, kinyozi wa mtaani, mwendesha mkokoteni, na mkwe. Kamanda akaja kunisalimia.

"Shikamoo, Mama Mahakama! Mkweo tumemsafisha. Anayelinda na sisi hawezi kuwa mwizi, na atakayesema vingine aje kwangu."

Mkwe alitabasamu. Sijamwona akitabasamu hivyo tangu nije. Baada ya mambo ya mkaa, nilifurahi kwa ajili yake. Naandika hili ili nisije nikajifanya kuwa sikufurahi.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo mchana, mvua ikiwa kali, nilisikia mlango wa bati ukishushwa. Fundi hafungi saa nane. Nikasikia ufunguo ukigeuka, na baada ya hapo mvua tu, ilivyopiga mabati sikuweza kusikia hata saa yangu. Baada ya nusu saa mlango ulipanda tena.

Jioni tulikuwa mezani sisi wanne. Binti alikuwa amerudi kutoka zamu na hakuwa amegusa sahani.

"Leo wameleta mtu," akasema. "Mchukuzi wa sokoni. Ameokotwa nyuma ya kituo cha mabasi."

Akasogeza sahani kando.

"Vidole vitatu. Havikuvunjwa kwa kupigwa. Vimebanwa."

Mkwe alisimama, akaenda kunawa mikono. Alikuwa amekwisha kunawa kabla ya kula. Tulisikia bomba likitiririka muda mrefu. Mjukuu akauliza, "Baba anaosha nini?" na mama yake akamwambia ale.

Nimerudi chumbani nikafungua juzuu la kwanza, ukurasa wa arobaini na mbili. Vidole vitatu. Nimekifunga, nimekiweka chini ya godoro, kisha nimekitoa, maana siwezi kulala juu yake.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Binti amehamishia godoro lake chumbani kwangu. Anasema ni kwa ajili ya goti langu.

Jumanne, 8 Aprili

Mtaani wanasema mchukuzi alikutwa na ufunguo mfukoni, na ufunguo huo ulifungua kufuli ya nyumba mojawapo iliyoibiwa. Wanasema hivyo kwa kuridhika, kama watu walioshiba. Muuza gazeti ameniambia, "Sasa tunapumua, mama." Wateja wamerudi. Jana niliwahesabu saba.

Nimeanza juzuu la tatu. Sikutaka, lakini sasa silisomi kwa kujiburudisha. Nalisoma kama jalada.

Alhamisi, 10 Aprili

Nyumba ya nne imeibiwa. Kufuli imening'inizwa vizuri.

Mchukuzi bado yuko wodini.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimemaliza. Karibu na mwisho Sikio anasimama nyuma ya mwalimu mzee, anasikia moyo wake ukiruka, anamvunja. Ukurasa unaofuata, daktari anamwambia mjane kwamba mwalimu alikuwa na ugonjwa wa moyo tangu utotoni, moyo wake haujawahi kupiga sawasawa. Sikio yuko nje ya dirisha, anasikia yote. Nikafunua ukurasa nione atakachofanya. Yuko juu ya paa, mvua inampiga, anamngoja mwingine. Nikarudi nyuma. Nikahesabu namba za kurasa.

Nilikwenda karakanani na vitabu vyote vitatu. Alikuwa peke yake.

"Hapa pamechanika ukurasa," nikamwambia.

Hakuhitaji kutazama. "Hapajachanika, mama. Ndivyo kilivyo."

"Hatubu? Hata kiputo kimoja cha mawingu?"

"Hapana."

Nikapanga majalada mezani, la kwanza, la pili, la tatu. Jambo hili nililiona asubuhi, na miaka thelathini na moja ya kukagua mihuri ndiyo iliyonionyesha. "Mtazame masikio."

Akainama. Kwenye juzuu la kwanza matundu ya kofia ni mapana kama sarafu. La pili, kama punje ya mtama. La tatu, chuma kitupu. Mchoraji ameyaziba kidogo kidogo, na hakuna mahali alipoandika kwamba ameyaziba.

"Ninavyo miaka kumi na tatu," mkwe akasema. "Nimevisoma sijui mara ngapi. Sijawahi kuona."

"Aliyechora si mjinga, baba. Sisi ndio tulikuwa tunashangilia."

Alipitisha kidole kwenye lile jalada la tatu. Nikaona hapo ndipo pa kuuliza, na nikauliza bila kupamba.

"Yule mchukuzi. Ulikuwepo?"

Mvua ilikuwa imepungua. Nilisikia gari likipita kwenye dimbwi.

"Mama, mimi nilifunga mlango tu."

"Kwa nje au kwa ndani?"

Alichelewa kujibu. Nimesikia uchelewaji wa namna hiyo mara elfu, na hakuna kalamu inayoweza kuuandika.

"Kwa ndani," akasema.

Jumanne, 15 Aprili

Hatuongei. Ananiletea chai, anaweka, anaondoka. Hanitazami tena hata viatu.

Jumamosi, 19 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi, mvua kubwa. Binti yuko zamu, mjukuu yuko kwa rafiki yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nikasikia mlango wa bati ukishuka. Ufunguo ukageuka. Safari hii nilikuwa nimesimama kabla haujamaliza kugeuka.

Nilishika fimbo, nikaenda mpaka mlango mdogo wa ukumbini. Ulikuwa umefungwa pia. Nikabisha.

"Fungua."

Nikabisha tena.

"Ni mimi mkweo. Fungua, ama nivunje hili goti hapahapa mlangoni kwako, kisha ukamweleze mke wako."

Nikaanza kupiga mbao kwa fimbo, na sikuacha. Mkwe anaweza kumfungia nje askari. Mama mkwe anayepiga mlango kwa fimbo hawezi. Akafungua. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

Ndani kulikuwa na taa moja. Kamanda, kinyozi, na mwendesha mkokoteni. Katikati yao yule mpaka rangi anayepanga chumba nyuma ya duka la fundi cherehani, kijana wa watu aliyepaka kuta za zahanati mwezi uliopita. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye jiliwa. Taya lilikuwa limegusa tu, halijabana. Kucha zake zilikuwa na rangi nyeupe.

"Mama Mahakama," Kamanda akasema, "rudi upumzike. Haya si ya akina mama."

"Ana kosa gani?"

"Huyu ndiye. Tumemkuta na ufunguo. Tumeujaribu kwenye kufuli ya nyumba ya nne, umefungua. Tena mwone anavyotetemeka!" Kinyozi akaweka kiganja kifuani mwa mpaka rangi. "Moyo unamwenda kama mashine, mama. Mwenyewe sikiliza. Ni yeye."

Nilikuwa nimeogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nikanyoosha mkono wangu kwa kinyozi.

"Shika mshipa wangu. Hapa."

Alimtazama Kamanda. Kisha akashika, kwa vidole viwili, kwa adabu, kama ananinyoa.

"Unasemaje?"

"Unakimbia, mama."

"Haya. Mimi nimeiba nini?"

Nikavuta kiti, maana goti lilikuwa linakataa, nikakaa mbele ya mpaka rangi. Sikuwahi kuuliza swali hata moja mahakamani, nilikuwa nikiandika ya wengine. Lakini nayajua.

"Baba, ule ufunguo ni wa nini?"

"Wa chumba changu, mama." Sauti ilikuwa ndogo.

"Kufuli ya chumba chako ulinunua wapi?"

Akageuza macho kwa woga. "Dukani kwake. Kwa Kamanda."

"Lini?"

"Mwezi wa pili. Zile za rangi ya samawati."

Nikageukia meza. Nilikumbuka kile kitambaa. Sikuwa na hakika, nataka hilo lijulikane. Nilikuwa nafanya kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi.

"Fundi," nikasema, na sikumwita baba wala mwanangu. "Wewe ndiye unayejua kufuli hapa. Ufunguo huu unaweza kufungua kufuli ngapi?"

Mkwe wangu alisimama mgongo kwenye mlango aliofunga. Mvua ilipiga bati. Kamanda akasema, "Swali gani hilo? Ufunguo mmoja, kufuli moja," na mkwe akafungua kinywa, akakifunga. Nilidhani atanyamaza. Nilikwisha kuanza kumwombolezea.

"Nyingi," akasema.

"Nini?" Kamanda akauliza.

"Zote za samawati, karibu." Akaja mezani, akavuta droo, akatoa kufuli tatu. Akachukua ufunguo wa mpaka rangi, akaingiza kwenye ya kwanza. Ikafunguka. Ya pili ikagoma. Ya tatu ikafunguka. "Kiwandani wamechonga meno ya namna mbili tatu tu, wakarudia hayohayo. Ni za bei rahisi. Anayenunua moja amenunua mlango wa jirani yake."

"Unajitetea," Kamanda akasema, lakini sauti haikuvuka hata meza.

"Kinyozi," mkwe akasema, "saluni yako ina ya samawati. Toa ufunguo."

Kinyozi alicheka kidogo, akatoa. Mkwe akaingiza kwenye ile kufuli ya nyumba ya nne iliyokuwa mezani kama ushahidi. Ikafunguka, klak. Sasa hiyo sauti nimeiandika.

"Tukubane na wewe?"

Kinyozi alitazama kufuli, kisha akatazama mikono yake mwenyewe. Nikajua kwamba ndiye aliyezungusha mpini wa jiliwa siku ile ya mchukuzi. Akaketi chini sakafuni, kwenye unga wa chuma.

Mkwe akalegeza taya. Mpaka rangi akautoa mkono wake, akautazama mbele na nyuma, akauficha kwapani. Mlango ulipopandishwa hakukimbia. Alitembea katikati ya barabara, mvuani, na watu waliokuwa wamejikinga barazani wakamtazama mpaka alipopinda kona.

Jumapili, 20 Aprili

Mkwe alikuja, akakaa sakafuni karibu na mlango wa chumba changu. Binti alikuwa kwenye godoro lake, amegeukia ukuta, macho wazi.

"Nilijua," akasema. "Kabla ya mchukuzi. Siku ile uliponikuta na zile kufuli."

Nilijua kwamba atasema hivyo, na bado ilinipiga.

"Kwa nini hukusema?"

"Fundi wa kufuli aseme kosa ni la kufuli, nani angemsikia? Wangesema najificha. Na Kamanda ndiye aliyenifutia lile jina. Nikasema, ngoja kidogo. Halafu wakamleta yule mtu, nikawa nimeshika ufunguo, na kila dakika niliyonyamaza ilifanya inayofuata iwe ngumu zaidi."

Binti akasema akiwa amegeukia ukuta, "Anabeba mizigo. Mikono ndiyo kazi yake."

Kuna upande wangu uliotaka kusema yamepita. Ni mume wa mwanangu, ni baba wa mjukuu wangu, na jana aliokoa mtu. Nimeliandika, lipo. Sikumwambia nenda wala usiende. Nilimwambia tu kwamba mimi nikiulizwa, nitasema yote niliyosikia, bila kuongeza wala kupunguza.

"Najua, mama," akasema. "Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza."

Jumanne, 22 Aprili

Alikwenda kituoni mwenyewe, asubuhi. Amerudi jioni kwa dhamana. Kamanda, kinyozi na mwendesha mkokoteni wameitwa pia. Kamanda ametangaza mtaani kwamba fundi ametawaliwa na mama mkwe, na kwamba nyumba ambayo mzee wa kike anashika fimbo haina mwanamume. Wameturushia mawe mawili kwenye bati. Wateja wamekwisha tena.

Ijumaa, 25 Aprili

Mkwe alikwenda wodini kwa mchukuzi. Binti alikuwepo, amenisimulia. Alisimama miguuni mwa kitanda akajitaja. Mchukuzi, mkono umefungwa gango, alimtazama sana.

"Sikukuona sura," akamwambia, "walinivika gunia. Nilisikia ufunguo tu. Ulipogeuka ndipo nilipokata tamaa. Kabla ya hapo nilidhani ni mzaha."

Kisha akageukia ukutani. Hakumsamehe. Binti anasema hakuona kwa nini angemsamehe.

Jumatano, 30 Aprili

Jua saa mbili nzima. Mjukuu ameambiwa, na mama yake, kwa maneno mepesi. Aliuliza swali moja tu: "Ule mkono utapona?"

Ijumaa, 9 Mei

Mahakamani. Nilikaa kwenye mabenchi ya wasikilizaji, mahali ambapo sijawahi kukaa, na mikono sikujua pa kuiweka. Binti alikaa kulia kwangu. Mchukuzi alikaa benchi la mbele. Vidole viwili vimeanza kukunjika, cha tatu haijulikani kama kitarudi.

Shtaka likasomwa. Kamanda: si kweli. Mwendesha mkokoteni: si kweli. Kinyozi alifungua kinywa, akamtazama Kamanda: si kweli.

Mkwe wangu: "Ni kweli, mheshimiwa."

Hakimu akavua miwani. Akamwambia aeleze kwa maneno yake mwenyewe. Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya paa. Akaeleza kwa ufupi: kufuli, mkaa mlangoni, gunia. Sauti yake ilikuwa ya chini, akitazama mbao za kizimba. "Mimi ndiye niliyefunga mlango. Na nilipoufunga nilijua hana hatia."

Karani ni msichana mdogo, ana mwandiko wa haraka. Alisimamisha kalamu, akainua mkono.

"Mheshimiwa, mvua. Sikupata maneno ya mwisho."

"Mshtakiwa arudie," hakimu akasema. "Kwa sauti."

Akainua kichwa. Hakumtazama karani, wala hakimu. Akamgeukia mchukuzi pale benchi la mbele, akarudia.

Ijumaa, 16 Mei

Miezi minne jela. Kwa wale watatu kesi inaendelea, na yeye atatolewa kuja kutoa ushahidi. Binti hakulia mahakamani. Alilia nyumbani, akiwa amesimama, akikunja shati.

Jumanne, 20 Mei

Mvua zimekata. Daktari amelipapasa goti akasema naweza kwenda kwangu. Nimesema nitakaa kidogo.

Asubuhi mtu mgeni alisimama mbele ya karakana na ufunguo mkononi, anataka nakala. Binti alikuwa anafagia barazani. Akamwambia fundi hayupo, arudi Septemba.

"Amesafiri?"

"Amefungwa."

Mtu akashtuka. Akatazama kushoto na kulia, akapunguza sauti. "Maskini. Wamemsingizia nini?"

Nilikuwa dirishani. Nikamwona mwanangu akiegemeza ufagio ukutani na kujifuta mikono kwenye gauni.

"Hawakumsingizia," akasema. Akamvutia kiti, akamweleza.